Nina Crohn, baba ana Parkinson: niogope?

Msaka Tiba (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa wanaofahamu mambo ya tiba au waliouguza mgonjwa wa Parkinson.

Mzee wangu anaugua Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Tukirudi nyuma, kutetemeka hakukuwa dalili ya kwanza. Miaka mingi kabla ya mkono kuanza kucheza alikuwa anasumbuliwa na kukosa choo, na mama alikuwa akimshangaa: chakula kinaungua jikoni, yeye amekaa mlangoni hasikii harufu. Mwandiko nao ukaanza kunywea. Anaanza mstari kwa herufi za kawaida, akifika mwisho zimekuwa kama sisimizi.

Sasa mimi nina ugonjwa wa Crohn, yaani utumbo kuvimba na kuuma kwa muda mrefu. Unatulia, unarudi. Daktari anataka nianze sindano za kuzuia TNF, ile protini ya mwili inayochochea uvimbe, nami nasitasita. Juzi nikasoma kwamba uvimbe wa utumbo unahusishwa na Parkinson, usingizi ukaniruka. Je, nimo hatarini? Na hizo sindano zinaongeza tatizo au zinapunguza?

Neva Kumi
Pole sana mkuu. Uhusiano upo, ila upime kwa uzito wake.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani uliotumia kumbukumbu za bima za wagonjwa zaidi ya 144,000 wenye Crohn au vidonda vya utumbo mpana. Kwao Parkinson ilionekana zaidi kwa 28% kuliko kwa wasio na magonjwa hayo. Denmark walipata 22%. Usitishwe na asilimia. Tuseme katika watu 1,000 wanaugua 10. Ukiongeza 28% wanakuwa 13 hivi. Wale wengine 987 hawaugui. Halafu mgonjwa wa tumbo anaonana na madaktari kila mara, kwa hiyo hata ugonjwa wake mwingine hugunduliwa upesi. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kutoka hapo.

Kuhusu sindano: katika utafiti huohuo wa Marekani, wagonjwa wa utumbo waliotumia dawa za kuzuia TNF walipata Parkinson kwa 78% pungufu kuliko wenzao wasiozitumia. Huo si ushahidi kwamba zinakinga, maana waliozitumia walikuwa wachache na haukuwa utafiti wa majaribio. Lakini hofu kwamba zitakuletea Parkinson haina mashiko.

Mdadisi
Mimi swali langu ni hili: utumbo na ubongo vinakutania wapi?

Neva Kumi
Kuna neva ndefu inaitwa vagasi, inatoka shina la ubongo hadi tumboni. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake walipendekeza kwamba protini ya alfa-sinukleini, ile inayojikunja vibaya na kurundikana kwenye seli za ubongo wa wagonjwa, huenda huanzia tumboni na kupanda kwa njia hiyo. Wadenmark wakaangalia watu waliowahi kukatwa shina la neva hiyo kutibu vidonda vya tumbo: baada ya miaka mingi, Parkinson ilikuwa pungufu kwao. Lakini si kila mgonjwa anaanzia tumboni. Kwa wengine inaonekana huanzia ubongoni.

Na kuna jeni ya LRRK2. Baadhi ya mabadiliko yake huongeza hatari ya Crohn na ya Parkinson pia. Kwa hiyo inawezekana utumbo haumshambulii ubongo. Vyote viwili vina mzizi mmoja.

Jani Bichi
Mnazunguka mno. Asafishe utumbo, sumu zitoke, kwisha habari. Nina dawa, njoo inbox.

Nesi wa Zamu
Jani Bichi, mtu ana Crohn unamwambia aharishe? Hata kupandikiza bakteria kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya kulijaribiwa kwa wagonjwa wa Parkinson: Ubelgiji walipata nafuu ndogo, Finland hawakupata. Tena ni hospitalini, chini ya uangalizi.

Mdogo wangu mtoa mada, kabla ya sindano hakikisha umepimwa kifua kikuu na homa ya ini B, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuviamsha vikiwa vimelala mwilini.

Na mzee msimsahau. Levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, sasa tumbo likiwa zito dawa inachelewa na yeye anakakamaa. Vidonge anywe kama nusu saa kabla ya kula, kwani protini ya chakula hugombania mlango mmoja na dawa. Choo kikigoma, muulizeni daktari kuhusu makrogoli, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Akipata kichefuchefu asipewe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika: inazuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo tayari imempungukia, itamzidishia ugonjwa. Liandikeni hilo kwenye kadi yake.

Msaka Tiba (mtoa mada)
Asanteni sana, nimeanza kupumua. Hiyo metoklopramidi ipo nyumbani kweli, naitoa leo. Sindano nitazikubali, ila kwa ajili ya utumbo wangu. La mwisho: nipimwe hiyo LRRK2?

Neva Kumi
Aanze mzee kwanza, kama daktari wake wa neva ataona inafaa. Bila kujua kama yeye anayo, majibu yako yatakuwa magumu kuyatafsiri. Na hata ukikutwa nayo, wapo wengi wanaozeeka nayo bila kuugua.