Mwaka wa pili saikolojia, nataka kazi za watoto: nianzie wapi hapa Uganda?

mwanafunzi_wandegeya
Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya saikolojia hapa Kampala, mwaka wa pili. Risesi (muhula wa mafunzo ya nje ya darasa) ya Juni tunatakiwa kufanya mafunzo kazini kwa wiki nane, nami nataka kazi ya watoto, siyo ofisi ya rasilimali watu ambako darasa letu karibu lote huishia. Matangazo ninayoyaona yanadai "ustawi wa jamii au fani inayofanana" pamoja na uzoefu wa miaka miwili. Naongea Kiganda, Kiingereza na Kiswahili. Naomba kujua: niombe wapi, mwanafunzi wa saikolojia anaruhusiwa kufanya nini hasa na mtoto, na kitu gani kitawafanya waniite tena nikihitimu? Mshahara sidai kwa sasa, wakinipa nauli na chakula inatosha.

njia_ya_kyegegwa
Kiswahili umekitaja mwisho, kumbe kingekuwa mstari wa kwanza wa wasifu wako. Makazi ya wakimbizi ya Kyaka II (wilaya ya Kyegegwa), Rwamwanja (Kamwenge), Kyangwali (Kikuube) na Nakivale (Isingiro) yana Wakongomani wengi, na watoto wao wengi wanaongea Kiswahili. Mhudumu asiyekijua hutegemea mkalimani. Mkalimani huyo mara nyingi ni mtu wa mtaa uleule, na hakuna mtoto atakayesema mambo ya nyumbani mbele ya jirani ya mama yake. Ukiandika tu "lugha: Kiswahili" haitoshi. Andika kwamba unaweza kumhoji mlezi na kuandika ripoti ya Kiingereza siku hiyohiyo. Bidi Bidi na Adjumani ni habari nyingine, huko wengi wametoka Sudan Kusini na Kiswahili hakitakufikisha mbali.

Mashirika ya kuangalia ni TPO Uganda, Save the Children, War Child na AVSI. Ila miradi huhama. Shirika lililokuwa Nakivale mwaka jana huenda mwaka huu halipo, kwa hiyo kwanza uliza nani anashika ulinzi wa mtoto katika makazi unayoyalenga. Tena ujue kwamba tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe 2025 miradi mingi imekatika, na watu wenye uzoefu wanagombea nafasi zilezile unazozitaka wewe. Usiombe sehemu moja ukakaa kusubiri.

Wengi hukwama kwenye kibali. Makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na barua ya chuo peke yake haikuingizi. Shirika litakalokupokea ndilo likuombee ruhusa, na hilo laweza kula wiki kadhaa. Kwa mafunzo ya Juni barua yako iwe mezani kwao Februari au Machi. Ikifika Mei watakujibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, msimamizi wako wa chuo, lugha, na kazi tatu unazoweza kuzifanya bila kufundishwa upya. Habari ya kuwapenda watoto tangu utotoni iache, kila mwombaji anaiandika.

Kuhusu "fani inayofanana": kwa mashirika, omba bila woga. Kwa kazi za wilaya soma tangazo neno kwa neno. Tume ya utumishi ya wilaya hufuata sifa zilizoandikwa, na kama saikolojia haikutajwa jina lako litaanguka kwenye mchujo hata uwe na alama gani.

msimamizi_kliniki
Nijibu swali la pili, maana hapo ndipo wanafunzi wanapoharibu.

Hutibu, hutoi jina la ugonjwa, wala humshauri mzazi abadilishe dawa. Unachoruhusiwa ni kumwangalia mtoto na kuandika ulichokiona, kusaidia vikundi vya michezo mkiwa watu wazima wawili, kuwapokea walezi, kujaza madodoso chini ya msimamizi, na kufuatilia nani hakurudi kliniki. Kazi hizo zinaonekana ndogo, lakini anayezifanya kwa usahihi ndiye anayekumbukwa.

Mfano ni dodoso la SDQ, la kupima uwezo na matatizo ya mtoto kitabia na kihisia, ambalo utalikuta sehemu nyingi. Lina maswali 25, mafungu matano ya maswali matano. Jumla ya matatizo hutokana na mafungu manne tu, kuanzia 0 hadi 40. Fungu la tabia njema kwa wengine halijumlishwi, na wageni hulijumlisha kila mara. Kosa la pili: maswali ya 7, 11, 14, 21 na 25 huhesabiwa kinyume, kwa sababu yameulizwa kwa upande mzuri. Usipoyageuza, mtoto mtulivu anatokea ana matatizo. Toleo la kujaza mtoto mwenyewe ni la miaka 11 hadi 17. Mdogo zaidi hujaziwa na mzazi au mwalimu. Tumia tafsiri iliyoidhinishwa, usitafsiri papo hapo kichwani, maana leo utasema hivi kesho vile na alama hazitalinganishika. Halafu alama kubwa ni sababu ya kumtazama mtoto kwa karibu, basi. Siyo ugonjwa.

Ukitaka hospitali, Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina huduma za watoto na vijana. Jiandae kukutana na kifafa, kwa sababu hapa kwetu hutibiwa sana katika kliniki za afya ya akili. Jifunze kabla ya kuripoti kazini: mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Degedege likizidi dakika 5 ni dharura, ita daktari au muuguzi.

mwalimu_wa_kireka
Naona wote mnamsukuma kambini na hospitalini. Shule zenye watoto wenye mahitaji maalumu zina njaa ya watu, na nyingine za Kampala humlipa msaidizi anayekaa na mtoto mmoja darasani. Chuo Kikuu cha Kyambogo wana kitivo cha elimu ya mahitaji maalumu. Pita pale uulize ni shule gani hupokea wanafunzi wao, utapata orodha bora kuliko ya mtandaoni.

Kwenye usaili wa shule utaulizwa ungefanya nini mtoto akipiga wenzake. Jibu la "ningempa ushauri" limechosha. Sema ungeandika kwa wiki moja au mbili mambo matatu kila inapotokea: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Ukiona kila akipiga hutolewa nje wakati wa hesabu, basi kupiga kunamwokoa na hesabu, na adhabu ya kumtoa nje ndiyo inayoikuza tabia. Na viboko usivitaje hata kwa utani, sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 imevipiga marufuku shuleni.

Jambo moja zaidi, ndugu. Nyumba za watoto yatima zinazokubali mtu yeyote anayebisha hodi, kaa nazo mbali. Uliza kibali cha wizara na uulize kama ofisa wa probeshoni (anayesimamia ustawi wa watoto) wa wilaya huwatembelea. Wakikuomba ulipe ili "ujitolee", au wakikuruhusu kulala na watoto siku ya kwanza bila kukagua rekodi yako polisi, ondoka.

mwanafunzi_wandegeya
Asanteni sana. Nimeona nianze na Kyaka II na shule mbili za hapa mjini. Lakini mtoto akinieleza siri, mfano anapigwa au amechezewa vibaya, na ameniomba nisimwambie mtu?

njia_ya_kyegegwa
Usikubali ombi hilo, na mweleze kabla hajamaliza kusimulia ikiwezekana: "Nitakusikiliza, ila nikisikia kuna mtu anakuumiza lazima nimwambie mtu wa kukusaidia, nawe nitakuambia ni nani." Ukiahidi kutunza siri kisha ukaripoti, hatamwamini mtu mzima mwingine.

Msikilize, usimdodose. Maswali kama "ni mjomba, siyo?" yanaweza kuua kesi mahakamani. Mtoto asirudie hadithi kwako, kwa mwalimu na kwa mkuu wa kituo. Asikilizwe na wachache iwezekanavyo. Ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyotumia, pamoja na tarehe na saa. Usiandike "mtoto amenajisiwa", andika alichosema. Mpe mhusika wa ulinzi wa mtoto wa shirika siku hiyohiyo. Yeye ndiye atakayepeleka kwa ofisa wa probeshoni au kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Kama ni kubakwa, hospitali haingoji kesho: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ukiwa mahali pasipo na mhusika, piga 116, laini ya Sauti ya msaada kwa watoto, ni bure.

Jina na picha ya mtoto visiingie WhatsApp, hata kundi la kazi. Kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na zaidi ya sheria, simu za wenzako hushikwa na watoto wao.

msimamizi_kliniki
Kwa swali la tatu, fungua faili tangu siku ya kwanza. Weka jedwali la saa lililosainiwa kila Ijumaa, idadi ya vikao na aina yake, madodoso uliyojaza, na mfano mmoja wa mpango wa kesi (yaani wa kumsaidia mtoto mmoja, siyo kesi ya mahakama) ulioondolewa majina. Jifunze hatua sita za kesi kwa mpangilio: kutambua na kusajili, kutathmini, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga. Wasaili huuliza kufunga, kwa sababu wengi hukariri mwanzo tu. Soma pia mwongozo wa WHO wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ni mfupi.

Watoto waambie wiki ya kwanza tarehe utakayoondoka, uwakumbushe wiki mbili kabla. Na barua ya tathmini idai ukiwa bado hapo, msimamizi aisaini kwa jina na cheo chake. Mradi ukifungwa mwezi unaofuata, hutampata wa kuisaini.