Kiwiko cha mtoto kimevunjika: nimsafirisheje hadi Mwanza, na huko atawekewa pini ngapi?

Tabibu_Ukerewe
Wakuu, mtoto wa miaka 6 kaanguka mperani, katua kwa kiganja. Eksirei: humerasi (mfupa wa mkono wa juu) imekatika juu kidogo ya kiwiko, kipande cha chini kimerudi nyuma kabisa, hakigusani na cha juu. Vidole vina joto na rangi nzuri, ila mapigo ya kifundo cha mkono siyapati. Meli ya Nansio inachukua zaidi ya saa tatu. Nimfungeje, na hospitali ya Bugando, Mwanza, watamfanya nini?

Mifupa_Mwanza
Usikikunje hadi nyuzi 90. Kiwiko kilichovimba kikikunjwa hivyo kinaibana ateri (mshipa wa damu), na hiyo yake huenda tayari imelalia ncha ya mfupa. Kiache kimekunjwa nyuzi 20 hadi 40, gango (kishikizo kigumu) la nyuma tu, bandeji isikaze, vidole vionekane. Hogo (plasta ngumu) la kuzunguka mkono usithubutu.

Kabla ya kufunga, mwambie aunde duara kwa gumba na kidole cha shahada, anyanyue gumba, atanue vidole. Andika asichoweza, usipoandika, baada ya upasuaji hakuna atakayejua neva ilizimika lini. Andika pia alikula saa ngapi, kwa sababu ya nusu kaputi. Melini bonyeza ukucha mara kwa mara: damu irudi ndani ya sekunde 2. Mkono ukiwa mweupe, vuta taratibu kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, mara nyingi rangi hurudi. Hata ikirudi, piga simu thieta waandae.

Thieta_Usiku
Mkono unavutwa dakika kadhaa, unanyooshwa upande, kisha gumba la daktari linasukuma ncha ya kiwiko mbele huku kiwiko kikikunjwa. Waya, yaani hizo pini za kushikilia mfupa, ni za milimita 1.6, kwa mtoto mkubwa 2. Mfupa ulioachana kabisa kama huu, tatu kutoka upande wa nje. Kosa la kila siku ni waya kukutana mahali pamoja kwenye mvunjiko: kipande kinazunguka na mkono unapona umepinda. Ziachane hapo, na kila moja itoboe ukuta wa pili wa mfupa.

Tabibu_Ukerewe
Na waya ya upande wa ndani?

Mifupa_Mwanza
Inaongeza uimara, lakini neva ya alna (inayopita nyuma ya kiwiko kwa ndani) ipo hapo hapo, na kiwiko kikikunjwa sana husogea mbele. Ukilazimika kuiweka, tanguliza za nje, nyoosha kiwiko kidogo, chana ngozi kidogo uone unapopita.

Mfupa ukikaa sawa na mkono ukabaki na rangi bila mapigo, analazwa na kukaguliwa saa 24 hadi 48. Ukibaki mweupe, tunafungua mbele ya kiwiko kuitafuta ateri. Wodini, mtoto anayedai dawa ya maumivu zaidi na zaidi, anayelia vidole vikinyooshwa, msimwite mdekaji: misuli inabanwa, na ikichelewa vidole hukunjamana moja kwa moja.

Thieta_Usiku
Pini hutolewa kliniki baada ya wiki 3 hadi 4. Mwambie mama asikande wala kuchua kiwiko, kitakakamaa zaidi. Mtoto atakinyoosha mwenyewe akicheza.