Kombi (mchanganyiko wa masomo) gani ya S5, yaani kidato cha tano Uganda, inamfaa mtu wa filamu? Naombeni ushauri

Mto Malaba: Habari za usiku, wakubwa. Nipo S5 huku Tororo na ninachotaka maishani ni kutengeneza filamu. UNEB, baraza la mitihani, hawatungi mtihani wa filamu S6, hilo nalijua. Sasa kati ya PCB (Fizikia, Kemia, Bayolojia) na Fasihi-Historia-Sanaa, ipi itanifikisha Makerere, ile idara ya sanaa za maonyesho na filamu? Silali vizuri. Msinicheke.

Mama Wawili: Mwanangu, soma kwanza. Mdogo wangu alikimbilia uigizaji, leo anauza vitenge Jinja. Vitenge vinamlipa, sikatai, lakini uigizaji wake uliishia kwenye harusi ya binamu yetu, na hata hapo alisahau maneno.

Fundi Sauti: Achana na kombi. Una simu? Weka fremu 25 kwa sekunde, usiweke 30. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo ukirekodi darasani kwa 30 taa zinaweza kupepesa kwenye picha. Shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Na usitegemee maiki ya simu inayopiga picha. Tafuta simu ya pili, mwigizaji aifiche mfuko wa shati, irekodi sauti peke yake. Piga kofi moja kabla ya kuanza ili baadaye upate pa kuoanishia. Filamu za wanafunzi zinauawa na sauti.

Mwalimu Mstaafu: Fundi amejibu yote ila alichoulizwa. Kijana, kutoka S6 kwenda chuo kikuu moja kwa moja unahitaji kufaulu angalau masomo makuu mawili, basi chagua unayoyaweza. Fasihi itakufundisha tamthilia, Sanaa itakufundisha kupanga picha. Lakini muhula umekwenda mbali na kombi huchaguliwa mwanzoni. Wewe sasa hivi umekaa darasa gani?

Mto Malaba: Ni hadithi ndefu, mwalimu.

Mwalimu Mstaafu: Tunayo nafasi.

Mto Malaba: Nilishahama PCB. Mwalimu wa taaluma alikubali. Tatizo ni mzee. Ni tabibu kwenye kituo cha afya, anadhani bado nasoma Bayolojia. Alituma pesa ya koti la maabara na visu vya kupasulia chura. Sikuila! Nimenunua maiki ya kubana kwenye kola, nayo ni kifaa cha masomo.

Boda wa Malaba: Chura kapona. Atakayepasuliwa ni wewe 😂

Mama Wawili: Pesa ya mzazi ina macho, mwanangu.

Mto Malaba: Mbona Isaac Nabwana wa Wakaliga alikuwa mfyatua matofali, na leo Wakaliwood, studio yake ya filamu, inajulikana duniani? Alipasua chura gani?

Mwalimu Mstaafu: Matofali aliyafyatua mwenyewe. Hakutumiwa na baba.

Mzee wa Kibanda: Ngojeni kwanza. Mwanafunzi wa S5, katikati ya muhula, anajibu saa tano usiku? Simu si zinanyang'anywa getini? Baba tabibu, mtoto msanii, koti jeupe halijanunuliwa... Nimeonyesha video kibandani miaka mingi, skripti naijua hata bila VJ, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti. Huyu anatuchotea mazungumzo ya bure.

Boda wa Malaba: Kama ni skripti, baba nacheza mimi. Kitambi ninacho.

Mto Malaba: Jamani si skripti! Nasoma kutwa, nakaa kwa shangazi.

Mzee wa Kibanda: Shangazi huyo kaingia. Mhusika mpya filamu ikikaribia kwisha.

Mama Wawili: Shangazi anajua?

Mto Malaba: Anajua nusu.

Mwalimu Mstaafu: Iwe kweli, iwe skripti, ripoti ya muhula itafika nyumbani ikiwa na majina ya masomo. Mzee akiyaona hapo kabla hujasema, hata Fasihi utaikosa. Mtangulize shangazi, kisha wewe ufuate wiki hiyohiyo.

Mto Malaba: Nimekusikia, mwalimu. Ila nawaza nimalize kwanza filamu fupi, ya dakika tano tu, nimwonyeshe siku ya wazazi. Akiiona ataelewa. Fundi, maiki ya kola ikisuguana na shati inakwaruza sana, nifanyeje?

Fundi Sauti: Ibandike kifuani kwa plasta ya kufungia vidonda, shati lisiiguse. Kwa mzee wako hazikosekani.