Mrejesho: gia za difu, nimefunga 4.88

Wakuu salama, narudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuona, niliuliza nifunge gia gani kwenye difu (ile boksi ya gia katikati ya ekseli inayozungusha tairi) baada ya kutoka tairi za inchi 31 kwenda 35, gari ikawa nzito balaa, kilima kidogo tu inalia. Zilizokuwemo ni 4.10 (hiyo ndo resho, yaani shafti inazunguka mara 4.10 tairi zikizunguka mara moja; namba ikiwa kubwa gari inapata nguvu ila injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile), na ile hesabu mliyonipa ya kuzidisha kwa 35 ukagawa kwa 31 inaleta kama 4.63, kwa hiyo ubishi ukabaki 4.56 au 4.88. Nimeenda na 4.88 sababu nabeba mzigo na nashinda kwenye matope kuliko lami, ningekuwa mtu wa haiwei ningechukua 4.56 fasta.

Nimebadilisha difu zote mbili, maana ukiacha ya mbele na resho yake ya zamani siku ukiweka fowili (tairi zote nne zikivuta) zinavutana mpaka kitu kivunjike. Beringi na sili mpya. Fundi alipaka rangi ya njano kwenye meno ya krauni (gia kubwa ya difu) aone meno yanagusana wapi, akazungusha, alama ikaja juu kabisa kwenye ncha ya jino, akafungua tena akaongeza shimu (kibati chembamba cha kurekebisha nafasi) ya pinioni, ile gia ndogo inayozungusha krauni, hadi ikakaa katikati. Hapo ndo kazi ilipo jamani, kufunga bolti yeyote anaweza. Bekilashi, ule uwazi mdogo kati ya meno ya gia mbili, kaiacha 0.20 mm.

Sasa inapanda safi, haivumi. Bado nazizoesha gia mpya, mwendo mfupi mfupi naiacha ipoe, trela sivuti, oili namwaga ikifika km 800. Kilichobaki ni spidomita inadanganya, mwenye kujua kuiseti anielekeze.