Noravank: ngazi za nje zinashikiliwa na nini?

MwashiMkongwe: Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi mwashi, natazama picha za Noravank, Armenia, lile kanisa la ghorofa lililo kwenye korongo la majabali mekundu. Mbele kuna ngazi mbili nyembamba zinazopanda ukutani, moja kushoto moja kulia, zinakutana mlango wa juu. Chini yake hakuna nguzo, na hakuna hata pa kushika! Hivyo vidato havianguki kwa nini? Na waliochongwa juu ya milango ni akina nani?

Tembo_wa_Njia: Mkuu, nimezipanda hizo. Kila kidato ni jiwe refu, kichwa kimoja kimezamishwa ukutani, na uzito wa ukuta ulio juu yake ndio unaokibana. Kupanda si tabu. Kushuka ndiyo shughuli: utaugeukia ukuta na kurudi kinyumenyume, heshima pembeni.

Chini ni makaburi, juu ni kanisa. Alijengesha Burtel, mtawala wa eneo hilo wa ukoo wa Orbelian, likakamilika 1339, na kazi inahesabiwa ni ya Momik, mchongaji aliyechora pia vitabu vya dini. Mlango wa chini utamwona Maria na Mtoto kati ya malaika Mikaeli na Gabrieli. Wa juu ni Kristo, na Petro na Paulo.

Bi_Nakshi: Watu wote hukimbilia ngazi wakaliacha kanisa la jirani, Surb Karapet. Mnakosa! Juu ya mlango wa ukumbi wake Maria amekalia zulia, na fundi hakusahau hata vishada vya pindoni. Herufi za Kiarmenia zimesukwa na majani, huwezi kujua maandishi yanaishia wapi na mmea unaanzia wapi. Juu zaidi, kwenye dirisha, yuko Mungu Baba mwenye ndevu na macho makubwa kama lozi. Mkono mmoja unabariki, mwingine umeshika kichwa cha mtu. Wengi husema ni Adamu. Kwangu mimi hilo jiwe linazipita ngazi zote.

MwashiMkongwe: Shukrani. Na kule kileleni mwa lile la ghorofa mbona mawe yanaonekana mapya?

Tembo_wa_Njia: Tetemeko la 1840 liliangusha sehemu ya juu, ikajengwa upya miaka ya 1990. Kuba limebebwa na nguzo, si ukuta mzima. Ukienda beba darubini: nguzo za upande wa magharibi zimechongwa Maria na wafadhili, mmoja kashika kanisa dogo mkononi.