Mama (67) anachanganya uzi mweusi na wa bluu. Hii taa nyekundu ya macho nimnunulie?

Wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ni fundi cherehani. Juzi kapindia suruali nyeusi kwa uzi wa bluu iliyokoza, mteja ndiye aliyeona. Usiku umeme ukikatika anasimama mlangoni weee, ndipo macho yazoee giza. Sasa kuna jamaa anauza taa nyekundu, laki na nusu, eti "inaamsha mitokondria za retina". Kweli au napigwa?

Mzee wa Maabara: Hilo neno hajalitunga. Mitokondria ndizo zinazotengeneza nishati ya seli, na seli zinazopokea mwanga kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zimejaa hizo vitu. Cha ajabu, zinakula nishati nyingi zaidi gizani kuliko mwangani. Mitokondria zina DNA yake, jeni 37, zote tunarithi kwa mama. DNA hiyo imekaa jikoni penyewe, moshi wote ni wake, hivyo miaka ikienda inaharibika na nishati inashuka. Rodi, seli za kuonea gizani, ndizo hutangulia kufa. Koni, seli za kuonea rangi, nyingi hubaki, ila zimechoka.

Binti Mwalimu: Taa nayo ina msingi. Mwaka 2020 Glen Jeffery na wenzake wa University College London walijaribu mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 670, dakika 3 kwa siku, wiki mbili. Waliovuka miaka 40 walitofautisha rangi vizuri zaidi, baadhi hadi asilimia 20. Mwaka 2021 wakaona asubuhi unasaidia, alasiri hausaidii. Lakini ule wa kwanza ni watu 24 tu, tena wasio na ugonjwa wa macho. Mama kapimwa?

Fundi Mwenzio: Laki na nusu? Mfungie balbu nyeupe juu ya cherehani kwanza.

Mkwe Mwema: Mama mkwe alianza hivyo hivyo, kumbe mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kuingia ukungu. Lenzi ikigeuka njano, bluu ndiyo inapotea mwanzo. Apimwe, pamoja na presha ya macho na sukari. Na hiyo taa ya mtaani, nani kapima ukali wake?

Mleta uzi (mrejesho): Tumetoka kliniki. Wamemtia dawa ya kupanua mboni: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Retina daktari kasema ni ya umri wake. Amepangiwa upasuaji, jicho moja moja. Taa sijanunua. Balbu nimefunga, na nyuzi zake za bluu kazibandika plasta.