Futari nzito, tarawehe na mavazi: tupangeje usiku wa Ramadhani?

Mama wa Kikwajuni:
Assalaam aleikum. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, wakati wa kaskazi, na hapa Unguja joto hupungua kidogo tu usiku. Kwetu futari ni muhogo wa nazi, ndizi mbichi, samaki wa kukaanga, sambusa, kaimati za shira na juisi ya ukwaju, na vyote huliwa kati ya Magharibi na Isha, muda ambao hauzidi sana saa moja. Wanaume wakifika msikitini husimama tarawehe kwa taabu: mmoja anasinzia, mwingine ana kiungulia, na vijana wangu wanalowa jasho ndani ya kanzu za poliesta hata hutoka baada ya rakaa nane, ilhali msikiti wetu unaswali ishirini. Juu ya hayo, baba mkwe ana kisukari na hataki kusikia habari ya kuacha kufunga. Naomba ushauri wa chakula na wa mavazi kwa pamoja, kwa sababu naona ni tatizo moja.

Bibi wa Mchangani:
Waaleikum salaam, mwanangu. Usipunguze vyakula kwanza. Badilisha saa zake. Wafungue kwa tende na maji, waswali Magharibi, kisha uwape uji mwepesi wenye pilipili manga na kipande cha samaki au bakuli la mchuzi, wainuke wangali na nafasi tumboni. Muhogo, ndizi na magimbi viwekwe mpaka watakaporudi kutoka tarawehe, nao watavila kwa utulivu zaidi. Unapopika, tumia tui la pili na ulitie kasimile, yaani tui zito la kwanza, kidogo tu mwishoni kwa ajili ya ladha, maana kuna nyumba zinazomimina kasimile tangu mwanzo, halafu zinashangaa kwa nini watu hawawezi kurukuu. Vya kukaanga chagua kimoja kwa siku. Sambusa, bajia na kachori kukutana kwenye sinia moja kila jioni ni mazoea tu, wala si sharti la Ramadhani.

Daku nalo lisiliwe saa nane watu wakarudi kulala. Sunna ni kulichelewesha, kwa hiyo hata wapiga daku wakipita mapema, nyinyi kaeni mezani karibu saa kumi na nusu, mle wali kidogo na maharage au mbaazi, chakula ambacho hakiishi tumboni upesi.

Muuguzi wa Pwani:
Dada, naunga mkono mpangilio wa bibi, ila la baba mkwe linahitaji tahadhari ya peke yake. Anapaswa kumwona daktari wake wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla alasiri, na ni daktari atakayepanga upya vipimo na saa za dawa, asijipunguzie mwenyewe. Apime sukari mchana bila wasiwasi, kwani kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, afungue hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana isomwe. Wazee wengi hulikataa hili kwa sababu wanaona wamepoteza siku, ilhali Sura ya al-Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hulisha maskini. Akielezwa na imamu anayemheshimu atasikia haraka kuliko akielezwa na mkwe.

Kwenye futari, tende moja au mbili zinamtosha, shira asiiguse, na ukwaju wake usitiwe sukari. Maji anywe kidogo kidogo tangu Magharibi hadi daku, badala ya kujaza tumbo dakika za mwisho.

Fundi Cherehani, Mombasa:
Nami nijibu la mavazi, ambalo wenzangu wamelipita. Poliesta hupendwa kwa kuwa haikunjamani na bei yake ni nafuu, lakini hainyonyi jasho, na kwenye safu iliyobanana joto lake halivumiliki. Washonee vijana kanzu za pamba, pana mabegani na kwapani, zisipite vifundo vya miguu. Pamba nyembamba nyeupe huonyesha mwili, kwa hiyo wavae kikoi ndani. Kofia iwe ya viua iliyoshonwa kwa mkono, kwani vile vitundu vinapitisha hewa kichwani, jambo ambalo kofia ya kiwandani ya kitambaa kizito haifanyi. Koti na bushti viacheni mpaka Idi. Nawe dada, ukiswali nyumbani, doti ya kanga ya pamba inasitiri na ni nyepesi kuliko baibui la kitambaa cha kung'aa; hakikisha tu kwamba haijachakaa ikaonyesha nywele.

Mama wa Kikwajuni:
Nawashukuru nyote. Limebaki moja: majirani hutuletea sahani kabla ya adhana, na wageni huja kufuturu. Siwezi kuwaambia wangoje mpaka baada ya tarawehe.

Bibi wa Mchangani:
Mgeni mwekee kila kitu mezani, achague mwenyewe. Mpangilio ule ni wa watu wako. Sahani ya jirani ipokee kwa furaha, urudishe na chako, na vinavyobaki vifunikwe kwa ajili ya daku. Kaimati zikilala huwa ngumu, lakini hiyo ni heri kwa baba mkwe wako, maana hatazitamani.